Redio ya Mama Mkwe Inakumbuka Kila Kitu

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, ndani ya suti mpya ya abakosti, mbele ya mama mkwe.

Sudi, wewe na wenzetu wote wa Lokandu, nawaandikia sasa hivi kabla watu wa mtaa wangu hawajawaletea habari kwa mtumbwi. Habari itafika tu. Afadhali muipate kwangu, maana wao wataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi hata punje. Someni pamoja, kisha muichome barua. (Najua hamtaichoma. Nawajua.)

Kwanza ile ordinatere, wengine wanaiita kompyuta. Niliwaambia habari zake mwezi uliopita, ile kabati ya chuma iliyotoka katika ofisi moja kubwa ya hapa Kindu. Ilipoletwa kwa treni, miaka mingi imepita, watu walikwenda stesheni kuipokea. Ikafanya kazi wiki chache. Joto likaishinda, umeme wa hapa ukaimaliza kabisa. Wakaitupa stoo, juu yake wakaweka mafaili, juu ya mafaili akalala kuku wa mlinzi. Sasa mwenye stoo alikuwa na feni iliyokufa. Nikamfufulia feni, akanipa ordinatere. Tuliibeba watu wanne. Nyumba yangu mnaijua, vyumba viwili, na cha mbele ndicho karakana, kwa hiyo ordinatere ikaingia chumba cha kulala. Ili ipite ilibidi tung'oe mlango. (Mlango sikuurudisha. Nilisema pazia linatosha.)

Lakini ndani yake, wenzangu, ni neema tupu! Mnajua tunavyoteseka na redio za zamani, zile za mbao zenye lampi za kioo. Lampi ikiungua, basi, redio imekuwa meza. Lampi mpya haziji tena. Mimi sasa, ile lampi ya kunyoosha umeme ikifa, naitoa, naweka diyode nne za ordinatere mahali pake, kazi inaendelea. Kondansatere zake, vile vikopo vya kutunzia umeme, hazivumilii umeme mkali wa redio hizi, basi naziunga moja nyuma ya nyingine ili zigawane mzigo. Zinavumilia. Mara nyingi zinavumilia.

Sasa mambo ya nyumbani. Zaina wangu alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama desturi. Mtoto wa kiume, Mungu ashukuriwe, tumemwita Abdala. Arobaini ikaisha, nikaenda kuwachukua. Mama Mwamini, mama mkwe wangu, akasema, “Acha apumuzike kidogo.” Siku ya hamsini akasema kuna mvua. Siku ya sitini hakukuwa na mvua, akasema mtoto anakohoa. Mtoto hakuwa anakohoa. Aliyekuwa anakohoa ni mimi. (Nilikuwa nakohoa ili wakumbuke kwamba bado nimekaa pale mlangoni.)

Na mnajua kwetu mkwe ni mkwe. Siwezi kumuuliza mama mkwe kwa nini. Siwezi hata kumtazama usoni. Nakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, natazama miguu yangu, nasema “ndiyo mama”, halafu narudi nyumbani kula bugali peke yangu mbele ya ordinatere. Tangu mwanangu azaliwe nilikuwa nimempakata mara tano tu. Hilo silifanyii mzaha. Liliniuma sana.

Basi nikapata akili. Marehemu baba mkwe aliacha redio yake, ya mbao, pana, yenye jicho la kijani linalofumba na kufumbua ukitafuta stesheni. Tangu alipofariki ilikuwa bubu. Mama Mwamini aliifunika kitambaa cha kufuma, akaweka picha ya mzee juu yake. Nikajisemea: mtu akiifufua redio hii, nani atamnyima mke wake? Nikaiomba, nikaibeba, nikaifanyia kazi siku nne. Diyode nne na kondansatere sita za ordinatere. Ijumaa iliyopita nikairudisha, nikaiwasha mbele ya watu wa nyumba na majirani. Jicho likafumbuka. Ikasema! Mama Mwamini akajifuta machozi kwa ncha ya kikwembe.

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Lakini mimi na mdomo wangu!

“Mukwe,” Mama Mwamini akaniuliza, “ni kweli umetia ndani vipande vya ile machini ya ofisi?”

“Ndiyo, mama,” nikaiambia miguu yangu.

“Ile ordinatere?”

“Njo ile, mama.”

“Na ordinatere inafanyaka kazi gani?”

Ningeweza kusema inahesabu. Ni kweli inahesabu. Lakini wanawake wote walikuwa wamenyamaza wananisikiliza, Zaina amesimama pale na mtoto mgongoni, nikaona kuhesabu ni jambo dogo, hata mwalimu wa darasa la pili anahesabu.

“Iko na memware, mama.”

“Memware njo nini?”

“Njo kukumbuka. Kila kitu inapokea, inaweka ndani. Haisahau.”

“Eeeee!” wakasema wanawake.

“Hata maneno ya watu?”

“Hata maneno,” nikasema. Nikatoka pale kifua mbele. (Diyode nne, Sudi! Hazikumbuki hata nilizichomea upande gani!)

Jumanne nikapita kurekebisha antena. Niliona nyumba imetulia mno, hakuna anayeongea. Nikadhani ni heshima kwangu.

Sasa leo. Asubuhi mama mmoja auzaye sombe, majani ya muhogo, amepita karakanani akaniambia, “Mama mukwe wako anakuita, kisha swala ya Ijumaa. Anasema kuja na vyombo.”

Vyombo! Mtu mwenye akili timamu, fundi wa redio, akiambiwa aje na vyombo, anachukua bisibisi na chuma cha kuchomea. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Vyombo vya kubebea mizigo ya Zaina! Nikafagia nyumba. Nikaanika godoro. Nikafunga mto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ili Zaina asiumie njiani. Nikatafuta vikapu viwili, beseni na kamba. Na kila aliyepita nje nikamwambia bila kuulizwa, “Leo mke wangu anarudi!” Baada ya swala nikamwambia hata mzee aliyekuwa anatafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti. Akaniambia hongera, lakini nimekanyaga kiatu chake.

Nikavaa abakosti niliyoishonesha kwa ajili ya Idi. Shingoni inabana, lakini ukisimama wima unafanana na mkubwa wa ofisi. Nikasukuma baiskeli, vikapu vikining'inia, beseni likigonga, mpaka kwa Mama Mwamini.

Uani nikakuta mikeka imetandikwa na watu wamejaa. Shangazi wawili wa Zaina. Majirani. Zaina mwenyewe na mtoto. Na katikati, kwenye kiti, Sitwayeni Kitenge, kiongozi wa seli ya Chama katika mtaa wao, na beji yake kifuani. (Bwana hatusemi tena, ni Sitwayeni.) Wote wananong'ona. Aliyekuwa anasema kwa sauti ni Abdala peke yake, naye alikuwa analia.

Redio ilikuwa nje, kwenye kona ya ua. Imegeuzwa uso ukutani. Imefunikwa blanketi, na juu ya blanketi wameweka kinu.

“Sitwayeni fundi,” akanong'ona Kitenge, “karibu. Sema polepole.”

“Kuna nini?” nikanong'ona na mimi. (Ukikuta watu wananong'ona, unanong'ona.)

Akanionyesha redio kwa kidevu. “Iko inasikia.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikatamani ardhi ipasuke, lakini nilikuwa na baiskeli mkononi na vikapu viwili, hata ningejificha nisingeenea.

Mama Mwamini akaanza kunieleza, taratibu, huku akiangalia ile kona. “Mukwe, siku za kwanza tulisahau memware, tukasema ovyo mbele ya redio. Sasa hapa nyumbani hatusemi tena. Tunapika kimya. Chumvi ikikosa tunaonyeshana na kidole. Majirani wanakuja, wanaisalimia redio, wanajirudia kwao. Nimechoka.”

“Na mimi,” akasema Kitenge akisogeza kiti karibu yangu, “unajua nakujaka hapa kila magaribi kukunywa kahawa. Siku mbili za kwanza hawakuniambia habari ya memware. Nikaongea. Nikasema maneno juu ya salongo. Maneno ya muntu amechoka, unaelewa? Sasa ile maneno iko ndani. Tunaomba uifute.”

Nikamtazama. Beji yake ilikuwa inatikisika kidogo kwa sababu ya pumzi. Mtu huyu kila Jumamosi anatutoa nyumbani na majembe kwenda salongo, tukachimbe mitaro ya mji wote, na leo ananiomba mimi nimwokoe na diyode nne.

Ningesema ukweli pale pale, mambo yangeisha. Lakini Zaina alikuwa ananitazama, na nilifikiri: nikisema nilidanganya, nani atampa mwongo mke wake? Nikanyoosha shingo ndani ya abakosti.

“Nitaifuta,” nikasema. “Ni kazi ndogo.”

“Mungu akubariki. Vyombo iko wapi?”

Nikawaonyesha vikapu viwili na beseni.

Shangazi mmoja akainama kuangalia ndani ya kikapu, labda bisibisi iko chini. Haikuwepo. Zaina akaficha uso nyuma ya kichwa cha mtoto, mabega yakaanza kumtikisika.

“Mukwe,” Mama Mwamini akasema, “nilisema vyombo vya kazi.”

“Ndiyo, mama. Hii ya leo... inafutwa kwa kisu.”

Wakaniletea kisu cha jikoni. Kilikuwa kimetoka kukwangua samaki, na magamba yake yako pale pale. Nikakipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote. Nikaondoa kinu, nikaondoa blanketi, nikageuza redio, nikapiga magoti na abakosti yangu kwenye vumbi. Nikaingiza ncha ya kisu kwenye skrubu ya kwanza. Nikafikiri: nitafungua, nitagusagusa, nitasema “haya, imefutika”, tutakwenda nyumbani.

“Ngojea kwanza, mukwe.”

Mama Mwamini alikuwa amesimama. Niliona miguu yake ikisogea mpaka mbele yangu.

“Jumanne ulikuja hapa kutengeneza antena. Ulibaki peke yako na hii redio. Ulisikia yote.”

“Mama, mimi—”

“Ulisikia yote, na bado ulinisalimia na heshima. Ndiyo mama, ndiyo mama. Tangu ile siku sina usingizi, nina haya. Mbele ya kuifuta nitasema mwenyewe. Nilisema mbele ya watu, nitarudilia mbele ya watu.”

“Mama, hapana, hakuna haja kabisa!”

“Nyamaza, mukwe.”

Na yeye akaanza, kwa sauti sasa, kwa kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetaja majina ya waalikwa.

“Nilisema mukwe wangu anafunguaka redio za watu kama nazi. Anakula ya ndani, anarudisha kifuu.”

“Ni kweli alisema,” wakaitikia shangazi.

“Nilisema siku ya ndoa koti ilikuwa ya kuazima, na mwenye koti alikuwa anamufuata nyuma nyuma, anaogopa mchuzi.”

(Ni kweli, Sudi. Mwenye koti ulikuwa wewe.)

“Nilisema anakoroma. Hiyo aliniambia Zaina.”

“Mama!” akasema Zaina.

“Uliniambia. Nilisema miguu yake, akiketi pale mulangoni, inajaza nyumba. Nilisema ile samaki alileta siku ya arobaini, samaki yenyewe ilikuwa imeshamaliza arobaini yake.”

Watu wakaanza kucheka. Si kwa sauti, kwa ile namna mbaya ya kucheka puani. Mimi bado niko magotini na kisu cha samaki mkononi, naitazama skrubu. Jasho likanitoka mpaka kola ikalowa. Nikaomba Mungu akate umeme, mvua inyeshe, mtoto alie. Mtoto alikuwa ametulia kabisa, anasikiliza.

“Nilisema muntu iko na redio kumi na moja nyumbani, na hata moja haisemi.”

Hapo hata Kitenge aliangua kicheko. Halafu Mama Mwamini akashusha sauti.

“Na nilisema sitamurudisha Zaina. Nilisema ile nyumba haina mulango. Iko na machini ndani ya chumba ya kulala, na skrubu chini, na vioo. Mutoto atatambaa, atatia kitu mu kinywa, na baba yake atakuwa ameinama na redio ya watu. Nilisema hivyo kila siku. Njo hiyo yote.”

Sikucheka hiyo. Ndugu zangu, siku zote hizi nilikuwa natafuta sababu, nikidhani ananidharau kwa sababu mimi si karani. Kumbe sababu ilikuwa sakafuni kwangu. Nilikumbuka skrubu nilizokanyaga asubuhi ile ile nikifagia, nikazisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Nilitaka kusema kitu, lakini Kitenge alikuwa ameshasimama. Akakohoa, akashika beji yake.

“Na mimi, nisibaki nyuma. Nilisema kwamba salongo ya Jumamosi ile tulisafisha uwanja ya shemeji yangu, nikaandika mu raporo kwamba ni soko. Na nilisema mugongo unaniuma. Na nilisema wale wako juu yetu, majembe hawaijui hata rangi. Nimemaliza.” Akaketi, amejawa na amani.

Majirani wakatazamana. Walikuwa wamelima uwanja ule kwa mikono yao.

“Bon,” akasema Mama Mwamini. “Sasa iwashe, mukwe. Tusikie kama nimesahau kitu. Kisha utafuta.”

“Kuiwasha, mama?”

“Iwashe.”

Ningefanya nini? Waya ulikuwa umepitishwa dirishani tayari. Nikabonyeza. Lampi zikaanza kupata moto, polepole, na ile sauti ya redio za zamani ikaanza, mmmmmmm, kama mtu anayejikumbusha jambo. Jicho la kijani likafumbuka. Watu wote wakainama mbele.

Pah!

Kondansatere moja ya ordinatere ikashindwa na mzigo. Ilipasuka kwa kishindo cha bunduki, moshi ukatoka kwenye kitambaa cha spika. Shangazi wakaingia jikoni wote wawili kwa mlango mmoja. Majirani wakatawanyika. Sitwayeni Kitenge akaruka ua wa mianzi, abakosti na beji na yote, sikujua mtu wa umri ule anaweza. Na mimi fundi, mtu wa kazi, niliyeona kondansatere zikipasuka mara mia, nilikuwa nimejifunika beseni kichwani.

Aliyebaki amesimama ni Mama Mwamini. Ameikazia redio macho, kiunoni ameweka mikono.

“Nimesema yote!” akaiambia. “Unataka nini tena? Ile ya kitanda? Bon, na ile ya kitanda nilisema! Nilisema kitanda yao inalia kama punda! Na ile ya mama ya mukwe nilisema, ya kwamba hajui kupika sombe, Mungu anisamehe, marehemu hajui hata—”

“Mama, haikumbuki kitu!”

Sauti ilikuwa yangu. Ilitoka ndani ya beseni, ikavuma. Nikalivua.

“Haikumbuki kitu, mama. Hakuna maneno ndani. Ni vyuma vidogo tu vya kupitisha umeme. Jumanne sikusikia chochote. Nilisema vile kwa kujisifu. Nisamehe.”

Kichwa cha Kitenge kikachomoza juu ya ua.

“Haikumbuki?”

“Haikumbuki, sitwayeni.”

“Hata salongo?”

“Hata salongo.”

“Asante Mungu!” akasema. Halafu uso ukambadilika polepole, maana alikumbuka kwamba ameisema mwenyewe sasa hivi, kwa kinywa chake, mbele ya watu waliolima.

Mama Mwamini alikuwa ananitazama. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa namtazama. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nilimtazama mama mkwe usoni, na sikujua hata nimeanza lini. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Zaina ana macho yake yale yale.

“Alors,” akasema, “nimesema yote bure.”

“Ndiyo, mama.”

“Mbele ya watu.”

“Ndiyo, mama.”

“Na wewe nyumbani uko na redio kumi na moja. Ulisemaka nini juu yangu mbele yao?”

Nikamtazama Zaina aniokoe. (Yeye nilikuwa namnong'oneza yote kila aliponisindikiza.)

“Mueleze, baba Abdala,” akasema mke wangu, mama wa mtoto wangu, tegemeo langu. “Ama nieleze mimi?”

Shangazi wakatoka jikoni. Majirani wakarudi mikekani, wengine na viti. Kitenge akaruka ua tena, kwa kuingia. Ikabidi nisimame katikati ya ua, magoti yote vumbi, nikaseme mambo ambayo mkwe hasemi tangu dunia iumbwe.

“Nilisema... nilisema mama mkwe amemlalia mtoto wangu kama kuku, na yai lilishapasuka zamani.”

“Endelea.”

“Nilisema kikohozi cha mtoto kinaanza nikipiga hodi.”

“Na ile ya sauti,” akasema Zaina.

“Zaina!”

“Ile ya sauti, baba Abdala.”

“Nilisema sauti ya mama haihitaji antena. Akiita kuku hapa, watu wa Lokandu wanaingiza kuku wao ndani.”

Mtaa ukalipuka. Kuna jirani alilala chini. Nilibaki pale na masikio ya moto, nikingoja Mama Mwamini aniambie nisikanyage tena kwake. Midomo ilikuwa inamcheza. Akajaribu kuibana, ikamshinda, akaketi kwenye kinu akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Na kweli, sauti ile! Nadhani mliisikia huko.

Alipopata pumzi nikajipa ujasiri. “Mama, kwa nini hukuniambia tu? Habari ya mlango na skrubu?”

“Nikuambie ginsi gani? Kila siku unatazama miguu yako. Niiambie miguu?”

Akafuta machozi, akatoa hukumu: ile machini itoke leo, mlango urudi leo, sakafu ifagiwe mbele ya macho ya shangazi. Ndipo Zaina ataondoka.

Wenzangu, sijawahi kufanya kazi hivyo. Tuliitoa ordinatere watu wanne, na wa nne ni Sitwayeni Kitenge (majirani walimwambia hii ndiyo salongo yake). Nikaurudisha mlango. Shangazi wakapiga magoti, wakapapasa chini ya kitanda, wakatoa skrubu za kujaza kopo. Magharibi haijaingia nikamleta Zaina kwenye baiskeli, mtoto mgongoni, mtaa mzima ukishangilia. Abdala sasa amelala kifuani kwangu ninapoandika. Hii ni mara ya sita, na nimeacha kuhesabu.

Mtauliza ordinatere iko wapi. Iko uani kwa Mama Mwamini. Alisema kitu kizito namna ile hakiwezi kukaa kwa mtu asiyejua kuchunga mdomo, na juu yake ameshapanga masufuria. Nilipokuwa namchukua Zaina nikamwomba kondansatere moja tu, ya kuweka mahali pa ile iliyopasuka.

“Ya nini?” akaniuliza.

“Ya redio yako, mama.”

Akafikiri sana, mkono juu ya ordinatere, kwa namna wakubwa wa ofisi wanavyofikiri mbele yako. “Utaandika ombi,” akasema. “Kwa karatasi. Kipande kimoja, ombi moja. Nitalisoma Jumatatu.”

Mama Mwamini hajui kusoma. Atasomewa na Kitenge.

Basi naishia hapa, nina barua nyingine ya kuandika jioni hii, na sijui mama mkwe anaanzwa kwa “Mheshimiwa” au kwa nini. Nawaomba sana msicheke. Yuko mtu hapa kitandani anacheka kwa niaba yenu wote, na mimi sitaki anyamaze.